Mshahara ukikatika, mzazi wa pekee hubaki bila wa kumshika mkono

MTAA wa Free Area uko mashariki mwa jiji la Nakuru, kando ya barabara kuu ya kuelekea Nairobi. Kwa wapangaji wa mtaa kama huu, mabadiliko katika soko la kazi hayawagusi wote kwa uzito sawa.

Penye watu wazima wawili, mmoja akiachishwa kazi, mwenzake huweza kulipa kodi ya nyumba. Kwa mjane, au mzazi anayelea watoto peke yake, chakula, kodi na karo hukosa mlipaji kwa wakati mmoja. Aidha, hawezi kushika kila kazi inayojitokeza: zamu ya usiku humlazimu kutafuta, na pengine kulipa, mtu wa kubaki na watoto.

Misukosuko ya aina hiyo si migeni katika eneo hili. Mwaka 2014, kiwanda cha betri cha Eveready mjini Nakuru kilifungwa. Mwaka 2020, janga la corona liliyalazimu mashamba ya maua ya Naivasha kuwarudisha nyumbani maelfu ya wafanyakazi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa kinga kiasi. Mwajiri anayepunguza wafanyakazi hutakiwa kutoa notisi ya angalau mwezi 1 au mshahara wa mwezi huo, kulipia siku za likizo zilizosalia, na kutoa malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika kazini. Aliyetumikia miaka 6 hupata angalau mshahara wa siku 90. Kibarua naye, akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi 1, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi.

Fedha hizo ndizo daraja la kuvukia hadi kazi nyingine. Mzazi wa pekee akizitia zote katika kibanda cha mboga au biashara ya mitumba, biashara ikichelewa kushika, kodi haina pa kutoka. Akiba ya NSSF nayo imewekewa uzee, ulemavu na warithi, si miezi ya kukosa kazi.

Bima ya afya pia hubadilika. Tangu Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi kwa ajili ya SHIF. Asiye na mshahara hukadiriwa mchango usiopungua Sh300 kwa mwezi, lakini hutakiwa kuulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani Sh3,600 au zaidi, wakati mfuko umekauka.

Anayeondoka kazini ana haki ya kupewa cheti cha utumishi, ambacho humsaidia kutafuta kazi nyingine. Aliyenyimwa haki anaweza kulalamika kwa afisa wa leba, au kufika mahakamani kabla ya miaka 3 kupita. Kwa asiye na mwenzake wa kumtegemea, kuchelewa kudai ni kurefusha njaa.