Mti Ndani ya Chungu

Bila shaka, msomaji, umepata kuuona mti huu hata kama hukuuliza jina lake. Husimama katika ukumbi wa benki, katika baraza ya hoteli, au pembeni mwa ofisi ya mkuu wa shule, ndani ya chungu kilichopakwa rangi. Majani yake ni madogo, yang'aayo, yenye ncha iliyochongoka, na matawi yake huinama kama mtu mwenye haya. Wataalamu wa mimea huuita Ficus benjamina, jina ulilopewa na Linnaeus mwaka 1767. Ni wa ukoo mmoja na mkuyu wa kando ya mito yetu, na mtini wa vitabu vya dini, na mgumo ambao Wakikuyu waliuheshimu wakasali chini yake. Ukoo huo una aina zaidi ya 750 duniani.

Yamkini pia umeuona ukiugua, majani yake yamegeuka manjano na kutapakaa sakafuni, na mfagiaji akinung'unika kila asubuhi. Mimi nilikabidhiwa mmoja nilipokuwa karani kijana. Nikaupenda, nikaunywesha maji asubuhi na jioni, na majani yalipoanza kuanguka nikazidisha maji. Haikupita miezi miwili nikawa nimeuua kwa ukarimu. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa myeusi, laini, yenye harufu ya uozo. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mti wa namna hii uliingiaje chunguni, na kwa nini haukai humo kwa raha? Historia ilinipa jibu ambalo sikupewa na mtu ofisini.

Kwa asili, wengi wa ukoo huu si viumbe wa chungu hata kidogo. Ndege hula tunda, akaiacha mbegu juu ya tawi la mti mwingine. Mche huota huko juu, ukateremsha mizizi kama kamba mpaka ardhini, na pengine ukauzinga mti uliouhifadhi hata ukafa. Katika vilima vya Meghalaya, India, watu wa kabila la Wakhasi huiongoza mizizi ya Ficus elastica ivuke mito, nayo hatimaye huwa madaraja hai yanayobeba watu na mizigo yao. Je, mti wenye nguvu hizo una kazi gani ndani ya chombo cha udongo?

Watu wa kale wangalituuliza swali hilo hilo. Kwa baadhi yao chombo kilikuwa cha safari, si makao. Katika kuta za hekalu la Malkia Hatshepsut huko Deir el-Bahari, Misri, lililojengwa karne ya 15 kabla ya Kristo, imechongwa picha ya watu wakibeba miti ya uvumba kutoka nchi ya Punt, mizizi yake imo ndani ya vikapu. Miti ile haikukusudiwa kubaki vikapuni. Ilikuwa abiria.

Abiria mashuhuri kuliko wote ulikuwa wa ukoo wa mkuyu. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Mfalme Ashoka alitawala sehemu kubwa ya Bara Hindi, naye alikuwa mfuasi wa Buddha. Katika dola yake, mahali paitwapo Bodh Gaya, palikuwa na mti ambao Buddha alikaa chini yake alipopata mwangaza. Aina yake huitwa Ficus religiosa. Kitabu cha kale cha Sri Lanka kiitwacho Mahavamsa chasimulia kwamba tawi la mti huo lilitiwa katika chombo cha dhahabu, na Sanghamitta, binti Ashoka aliyekuwa mtawa, akavuka nalo bahari. Mfalme Devanampiya Tissa akalipokea kwa heshima, likapandwa katika mji wake wa Anuradhapura.

Dhahabu na miujiza iliyomo katika masimulizi hayo tuwaachie wenyewe. Lakini mti upo. Umetunzwa kizazi baada ya kizazi kwa zaidi ya miaka 2000, na husemwa kuwa hakuna mti mwingine uliopandwa kwa mkono wa mtu, ambao wakati wa kupandwa kwake wajulikana, ulio mkongwe kuliko huo. Matawi yake yaliyolemewa na uzee yametegemezwa kwa nguzo, na katika karne ya 18 ukajengewa ukuta kuulinda na ndovu wa mwituni. Kule Bodh Gaya mti wa kwanza ulitoweka zamani, na hata mmoja wa warithi wake, uliokuwa umekwisha kuoza, uliangushwa na dhoruba mwaka 1876. Tawi lililosafiri limeishi kuliko shina lililobaki nyumbani. Nakuomba ukumbuke, msomaji, kwamba lilipofika lilitolewa chomboni likapewa ardhi.

Karne nyingi zilipita kabla ya safari za mimea kuwa jambo la kila siku. Melini chumvi ya bahari iliiua, na maji matamu yalikuwa ya mabaharia kwanza. Aliyefungua njia ni daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward. Alipenda kukuza kangaga, mimea ile isiyotoa maua, lakini moshi wa makaa ya mawe wa mji ule ulizidhoofisha. Mwaka 1829 alifukia pupa ya nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunika, apate kumwona nondo akitoka. Badala yake akaona chipukizi la kangaga. Maji yalipanda kwa mvuke, yakashika kioo, yakarudi udongoni. Hapakuwa na haja ya kumwagilia. Akaagiza masanduku ya kioo yatengenezwe, na mwaka 1833 mawili yalipelekwa Australia. Mimea ilifika hai.

Masanduku hayo yalibadili dunia, wala si kwa heri tupu. Zamani zile Ficus elastica, mti wa madaraja niliyoyataja, ulitoboliwa huko Assam ili utomvu wake mweupe ufanywe mpira, na katika miaka ya 1870 Waingereza wakaanza kuulima shambani. Lakini mwaka 1876 Henry Wickham alileta Uingereza mbegu 70,000 za mpira wa Brazil. Miche iliyoota ikasafirishwa hadi Sri Lanka katika masanduku ya Ward, na baadaye Brazil ikapoteza biashara yake. Mti wa Assam nao ukashindwa mashambani. Ukabaki na kazi nyingine uliyokwisha kuianza: kukaa sebuleni mwa watu wa Ulaya ukiwa pambo.

Hapo ndipo chungu kilipogeuka kuwa makao. Katika karne ya 20 Ficus benjamina ukafuata, ukaingia ofisini na madukani. Waliuchagua kwa kuwa wavumilia. Mti ambao jamaa zake huanza maisha juu ya tawi, kivulini, penye udongo wa kujaza kiganja, waweza kustahimili chumba chenye giza na chungu kidogo. Lakini kustahimili si kuridhika.

Sasa yatazame maradhi yake kwa macho hayo. Ukiuhamisha kutoka barazani hadi ndani, hupukutisha majani. Wenyeji wake hushtuka, hukimbilia maji, kama nilivyofanya mimi. Kumbe majani yale yaliumbwa kwa mwanga wa barazani, na mti huyatupa ili uote mengine yafaayo mwanga hafifu. Uache palepale, karibu na dirisha, usiusogeze kila juma. Maji usiyatoe kwa saa. Tia kidole udongoni mpaka kiungo cha pili, na pakiwa pakavu ndipo umwagilie hadi maji yatoke chini, kisha umwage yaliyobaki kisahanini. Mizizi huvuta hewa kama sisi, na udongo uliojaa maji daima huinyima pumzi. Chungu kisicho na tundu ni kaburi, hata kiwe kizuri namna gani.

Ukiona majani yananata, geuza upande wa chini. Huenda ukakuta vijidudu vya kahawia vilivyogandamana na mishipa ya jani mithili ya magamba. Vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, urudie kila juma mpaka viishe. Na mizizi ikianza kuchungulia tunduni, mti wahitaji chungu kikubwa kidogo. Usirukie kikubwa mno, kwani udongo usio na mizizi hukaa na maji.

Nisikudanganye kwamba dawa ni kuupanda uani. Karibu na nyumba, mizizi yake huinua sakafu na kuziba mabomba. Tena wako watu walioweza kuishi nao chunguni kwa heshima. Huko Parabiago, Italia, katika jumba la makumbusho la Crespi, umo mmoja wa ukoo huu ulioletwa kutoka China, udhaniwao kuwa na miaka zaidi ya 1000. Siri ya miti ya namna hiyo ni kupunguzwa mizizi na kubadilishiwa udongo kwa kipimo, na mikono isiyochoka kurithishana.

Mti wangu wa pili niliupata kwa tawi, kama Waganda wapandavyo mutuba wao wa kutengenezea nguo za magome. Nilikata kijiti cha shibiri moja, nikafuta utomvu, nikakichomeka katika mchanga wenye unyevu, na baada ya majuma kadhaa kikatoa mizizi. Sasa wakaa barazani kwangu, na umekwisha badilishiwa vyungu vinne. Masika yaliyopita niliona umetoa mzizi mwembamba kutoka shinani, juu kabisa ya udongo. Umepita ukingo wa chungu, unaning'inia hewani kuelekea sakafu ya saruji. Sijaukata.