Mandhari ya Sebuleni

Ingia kwenye nyumba mpya za watu wa biashara hapa Busia, wale waliopata pesa kwa mitumba, mahindi au malori, na uangalie sebuleni. Mara nyingi utakuta ukuta mmoja umechorwa maporomoko ya maji, milima yenye theluji na ndege weupe majini. Fundi analipwa kwa ukubwa wa ukuta, na mwenye nyumba ndiye anayeamua mto upite wapi. Niliwahi kumwuliza fundi mmoja wa Malaba kwa nini hachori milima ya Samia. Akacheka: "Ndugu yangu, nani atalipia kitu anachokiona bure?"

Marafiki zangu wa Nairobi huuita huu ushamba. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na historia ya sanaa nimeisoma kwa simu, lakini najua hata Claude Monet, Mfaransa ambaye picha zake leo zinauzwa kwa mamilioni ya dola, aliwahi kufanya kazi hiyo hiyo.

Mwaka wa 1876 Monet alikuwa na miaka 35, na madeni yamemkaba. Ernest Hoschedé, mfanyabiashara wa vitambaa huko Paris, alikuwa mmoja wa wachache walionunua kazi zake. Huyu Hoschedé alipenda picha kuliko mfuko wake ulivyoruhusu. Akamwita Monet Montgeron, nje ya Paris, kwenye nyumba kubwa ambayo mke wake, Alice, alirithi kutoka kwa baba yake. Kazi ilikuwa kuchora picha kubwa nne za kupamba nyumba hiyo.

Monet hakwenda mbali kutafuta mandhari. Alichora bwawa la hapo hapo, kona ya bustani yenye maua, watu wakiwinda msituni, na bata mzinga weupe wakizurura kwenye nyasi, nyumba yenyewe ikionekana kwa mbali. Hiyo ya bata mzinga ina zaidi ya sentimita 170 kila upande. Mwaka uliofuata aliionyesha Paris, na kwenye orodha ya maonyesho ikaandikwa kwamba haijakamilika.

Mwaka huo huo wa 1877 Hoschedé akafilisika. Watu wa mpakani hili hatuhitaji kuelezwa. Tumeona vibanda vya nguo vikifungwa, gari likiuzwa, kisha ploti. Juni 1878 picha zake zikapigwa mnada. Ile ya Monet ya jua likichomoza bandarini, ambayo Hoschedé aliinunua kwa faranga 800 mwaka wa 1874, ilienda kwa faranga 210. Nyumba ya Montgeron nayo ikawatoka. Alice na watoto wake sita wakaenda kuishi pamoja na familia ya Monet, na mwaka wa 1892, wenzi wao wa kwanza wote wakiwa wameshafariki, Alice na Monet wakaoana. Udaku wa hapo unatosha makala nyingine.

Lakini picha zilipona. Bata mzinga wako Paris, jumba la makumbusho la Orsay. Bwawa na bustani viko St Petersburg, Urusi. Vilipona kwa sababu vilichorwa kwenye turubai, na turubai hubebeka.

Kenya nayo ina kisa kinachokaribia hicho. Joseph Murumbi, makamu wa rais mwaka wa 1966, alijaza nyumba yake ya Muthaiga sanaa ya Afrika na vitabu adimu. Aliiuzia serikali mali hiyo akitaka nyumba igeuzwe taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi hiyo haikufunguliwa, na nyumba ikabomolewa. Mkusanyo wake mkubwa bado upo, kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, na yeyote anaweza kuingia kuuona.

Sasa rudi kwa fundi wetu wa Malaba. Kazi yake yote iko kwenye plasta. Mpangaji akihama, ukuta unapakwa rangi ya krimu. Barabara ikipanuliwa, ukuta unaondoka na tingatinga. Mkono wake ni mzuri, na baada ya miaka mingi ya kuchora hana hata kazi moja ya kumwonyesha mjukuu, isipokuwa picha za simu.

Kwa hivyo kama una pesa na unajenga, usiache kuagiza mandhari. Ila mwambie fundi achore kwenye plaiwudi au turubai, na aandike jina lake pembeni. Na umwambie achore Samia, au mto Sio na mafunjo yake, kabla hayajalimwa yote. Ukifilisika, mwenye kununua atajua angalau nyumba yako ilikuwa inatazama wapi.