Kijiji na Ufito: Mashindano ya Kimataifa ya Kuruka Juu ya Eberstadt, 1979–2018

1.0 Utangulizi

Historia ya riadha huandikwa mara nyingi kwa kufuata kalenda ya Olimpiki. Kila baada ya miaka minne hupatikana bingwa, na simulizi hujengwa kumzunguka. Insha hii inaanzia mahali pengine: Eberstadt, kijiji cha wakulima wa mizabibu karibu na mji wa Heilbronn, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Hapo, kuanzia mwaka 1979 hadi 2018, yalifanyika mashindano ya kila mwaka yaliyohusu kuruka juu peke yake. Hoja kuu ni kwamba kijiji hicho hakikuwa pembezoni mwa historia ya mchezo huu. Palikuwa na nyakati ambapo siasa za dunia zilifunga milango ya Olimpiki, na katika nyakati hizo ushindani wa kweli ulipatikana kijijini.

2.0 Kwa nini kijiji kiliweza

Sababu ya kwanza ni ya vifaa. Mbio zinahitaji njia ya mita 400, ilhali kuruka juu kunahitaji nguzo mbili, ufito, godoro na eneo imara la kukimbilia. Baada ya Dick Fosbury kushinda Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 kwa mita 2.24, akipita juu ya ufito kwa mgongo, mbinu yake ilienea pamoja na magodoro mazito ya kuangukia. Jamii ndogo yenye vifaa hivyo iliweza kumpa mrukaji mazingira yasiyopungua yale ya mji mkuu.

Sababu ya pili ni ya mpangilio. Katika mashindano ya kawaida mrukaji hushiriki uwanja na wakimbiaji na warushaji. Huweza kulazimika kusubiri mbio zipite, na macho ya watazamaji hugawanyika. Palipo na mchezo mmoja, kila jaribio hutazamwa na wote, na ratiba hufuata ufito.

3.0 Mei 1980

Umuhimu wa Eberstadt ulidhihirika mapema. Tarehe 15 Mei 1980, kamati ya Olimpiki ya Ujerumani Magharibi ilipiga kura ya kususia michezo ya Moscow. Siku kumi baadaye, tarehe 25 Mei, Jacek Wszoła wa Poland, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1976, aliruka mita 2.35 huko Eberstadt na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 2.34 iliyowekwa na Vladimir Yashchenko mwaka 1978. Kesho yake, huko Rehlingen, Dietmar Mögenburg wa Ujerumani Magharibi, kijana wa miaka 18, aliifikia rekodi hiyo.

Mfuatano huu una uzito wa kihistoria. Wszoła alitoka katika kambi ya mashariki, na aliweka rekodi yake katika ardhi ya magharibi wakati ambapo kambi hizo mbili zilikuwa zikitengana michezoni. Miezi miwili baadaye alikwenda Moscow na kupata nishani ya fedha, nyuma ya Gerd Wessig wa Ujerumani Mashariki, aliyeruka mita 2.36. Mögenburg hakuwapo. Anayesoma orodha ya washindi wa Moscow pekee hawezi kujua kwamba mmoja wa watu wawili walioshikilia rekodi ya dunia wiki chache kabla alizuiwa na uamuzi wa kisiasa. Anayesoma matokeo ya mashindano madogo ya Mei anaona pengo hilo.

4.0 Juni 1984

Mwaka 1970 Ni Zhiqin wa China aliruka mita 2.29, urefu uliozidi rekodi ya wakati huo, lakini haukutambuliwa kwa kuwa nchi yake haikuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la riadha. Tarehe 10 Juni 1984, Mchina mwingine, Zhu Jianhua, aliruka mita 2.39 huko Eberstadt. Ilikuwa rekodi yake ya tatu ya dunia, baada ya zile za Beijing na Shanghai za mwaka 1983, na safari hii ilitambuliwa bila kikwazo. Siku hiyohiyo Mögenburg aliruka mita 2.36.

Miezi miwili baadaye, huko Los Angeles, Mögenburg alitwaa dhahabu kwa mita 2.35, na Zhu akawa wa tatu kwa mita 2.31. Inaweza kudaiwa kwamba matokeo hayo yanathibitisha ukuu wa Olimpiki, kwa kuwa pale ndipo mshindi wa kweli hujulikana. Dai hilo lina nguvu, lakini linachanganya maswali mawili. Olimpiki huuliza ni nani atakayeshinda siku moja iliyopangwa. Eberstadt iliuliza binadamu anaweza kufika juu kiasi gani. Jibu la swali moja haliwezi kufuta jibu la lingine.

5.0 Miaka ya baadaye

Mfano wa Eberstadt haukuwa wa pekee. Huko Arnstadt, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, mashindano ya ndani ya ukumbi yaliyoambatana na muziki yalimwezesha Kajsa Bergqvist wa Sweden kuruka mita 2.08 mwezi Februari 2006, rekodi ya dunia ya wanawake ya ukumbini. Eberstadt nayo iliendelea kuwavuta walio bora: mwaka 2014 Mutaz Barshim wa Qatar aliruka hapo mita 2.41. Miaka minne baadaye mashindano yalifikia kikomo.

6.0 Hitimisho

Orodha ya matokeo ya kijiji inastahili kusomwa kama hati ya historia. Katika kisa hiki, inaonyesha kile ambacho orodha ya nishani imekificha. Funzo hili linatuhusu pia watafiti wa Afrika Mashariki, ambako historia ya riadha hupimwa zaidi kwa nishani za mbio. Mashindano madogo yanapokoma, wanaoyakumbuka nao hupungua mwaka hadi mwaka. Ni wajibu wa mtafiti kuwafikia wangali hai.