Magomeni Kota: Mtaa Uliobaki Kwenye Orodha

Dar es Salaam ya mkoloni iligawanywa kwa rangi: Uzunguni kandokando ya bahari, Uhindini penye maduka, Uswahilini Kariakoo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Kariakoo ilifurika, Mwingereza akapima makazi mapya ya Waafrika kule Ilala, Temeke na Magomeni. Mwalimu Nyerere naye alikaa Magomeni enzi za kudai uhuru; nyumba yake leo ni makumbusho. Nyumba za kupanga zilizojengwa na serikali huko Magomeni, watu wakaziita kota.

Aliyeingia kota akiwa kijana wa kazi alizalia humo, akaozesha humo. Kwenye karatasi alikuwa mpangaji, lakini mtaani alikuwa mtu wa Kota. Kukiwa na msiba, turubai lilipigwa mbele ya mlango mmoja, na milango ya jirani ikafunguliwa wageni wapate pa kulala. Sufuria kubwa zilitoka nyumba hii na ile, na kila moja ilirudi kwa mwenyewe bila kuandikwa popote.

Kisha nyumba zikavunjwa, kwa ahadi ya maghorofa. Kaya 644 zikatawanyika, kila mtu akitafuta chumba anakojua. Eneo likabaki tupu kwa miaka. Hapo ndipo ninapowavulia kofia watu hawa. Hawakuwa na ukuta wala kibaraza, na msiba ukitokea turubai lipigwe wapi? Hata hivyo waliendelea kujiita wakazi wa Magomeni Kota, wakaishikilia orodha yao ya majina na kudai kwa pamoja. Mtaa mzima uliishi ndani ya orodha ile.

Mwaka 2016 Rais Magufuli alifika pale, akaahidi kuwa watajengewa na kukaa miaka mitano bila kodi. Wakala wa Majengo Tanzania ukajenga, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua maghorofa hayo, yenye nafasi kwa kaya zote 644 zilizoondoka.

Sasa jirani wa ubavuni huenda yuko juu ya kichwa chako, na sufuria ya msiba inapandishwa ghorofani. Wazee waliozijua nyumba za chini bado wapo. Wewe uliye karibu nao, chukua daftari, kaa nao, uwaulize nani alikaa mlango upi, uandike.