Netscape ilikufa, faili lake la alamisho lingali hai

Fungua kivinjari unachokitumia, kiwe Chrome, Firefox, Edge au Safari, na ukiamuru kitoe nakala ya alamisho zako, yaani zile anwani za kurasa ulizozihifadhi ili uzirudie. Kisha ifungue nakala hiyo kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Mstari wa kwanza kabisa utataja jina la Netscape. Kivinjari cha Netscape kiliacha kuhudumiwa Machi 2008, na aliyezaliwa mwaka huo huenda hajawahi hata kulisikia jina hilo. Lakini kila anapohamisha alamisho zake kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, anatumia mpangilio uliobuniwa na kampuni hiyo katika miaka ya 1990.

Haja ya kuweka alama ili mtu ajue pa kurudi ni kongwe kuliko intaneti. Julai 1945, Vannevar Bush, mhandisi aliyesimamia utafiti wa kisayansi wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliandika katika jarida la The Atlantic kuhusu mashine ya kufikirika aliyoiita memex. Ilikuwa meza yenye vitabu na nyaraka zilizopigwa kwenye filamu ndogo. Msomaji angeunganisha ukurasa huu na ule, akahifadhi njia aliyopitia, akairudia baada ya miaka au kumpa mwenzake. Mashine hiyo haikuundwa kamwe, ila hoja yake ilibaki: kuipata habari ni kazi moja, na kuipata tena ni kazi nyingine.

Kazi hiyo ya pili iliwabana sana watumiaji wa kwanza wa wavuti, mfumo ambao Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia nchini Uswisi. Google haikuwapo hadi 1998. Aliyekutana na ukurasa mzuri asiponakili anwani yake, alikuwa ameupoteza. Ndiyo maana Mosaic, kivinjari kilichotolewa mwaka 1993 na Marc Andreessen na Eric Bina katika Chuo Kikuu cha Illinois, kilikuja na orodha ya kuhifadhia anwani iliyoitwa Hotlist. Mwanzoni mwa 1994, Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walianza kupanga viungo walivyovipenda kwa mada na kuviweka hadharani. Orodha yao ndiyo iliyokuja kuwa Yahoo.

Desemba 1994 Andreessen, sasa akiwa Netscape, alitoa kivinjari cha Navigator. Humo alamisho zilihifadhiwa katika faili moja la HTML, lugha ile ile inayoandikia kurasa za wavuti. Uamuzi huo ulionekana mdogo, lakini ndio uliozifikisha alamisho hapa zilipo. Faili hilo liliweza kufunguliwa kama ukurasa wowote, kutumwa kwa rafiki au kusomwa na kivinjari kingine bila kumwomba mtu ruhusa. Microsoft ilipoingia na Internet Explorer mwaka 1995, ilifuata njia yake: ilizipa alamisho jina la Favorites, na kila anwani ikawa faili dogo ndani ya folda ya Windows. Mwaka 1999 toleo la tano likaongeza picha ndogo ya tovuti kando ya kila anwani. Kwa kuwa kivinjari kiliomba picha hiyo pale ukurasa ulipohifadhiwa, mwenye tovuti aliweza kukisia ni watu wangapi wameiweka tovuti yake kwenye orodha zao.

Orodha ziliponenepa, folda zikaonyesha udhaifu wake. Ukurasa unaoeleza pilau ya Unguja uingie folda ya Mapishi au ya Zanzibar? Ukiuweka kwenye moja, utautafuta kwenye nyingine. Joshua Schachter, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika benki ya Morgan Stanley, alilitatua hilo kwa kuandika neno fupi la mada kando ya kila kiungo katika faili lake la maandishi. Mwaka 2003 aliligeuza zoea hilo kuwa huduma ya mtandaoni, Delicious. Kila ukurasa uliweza kubeba lebo nyingi, kwa hiyo pilau yetu ingepatikana kwa Mapishi na kwa Zanzibar vilevile. Zaidi ya hayo, alamisho zilionekana na wote: ukitaka kujua wengine wamehifadhi nini kuhusu jambo fulani, ulibofya lebo yake. Yahoo iliinunua Delicious Desemba 2005, na kufikia mwisho wa 2008 ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 5. Mwaka huohuo Firefox 3 ilileta lebo pamoja na nyota ya kubofya kwenye upau wa anwani.

Kisha ukaja msimu wa kufunga milango. Desemba 2010 waraka wa ndani wa Yahoo ulivuja ukionyesha Delicious miongoni mwa huduma za kuachwa. Watumiaji wengi wakakimbilia Pinboard, huduma ya kulipia iliyoanzishwa mwaka 2009 na Maciej Cegłowski. Delicious ikauzwa mkono hadi mkono, na mwaka 2017 Cegłowski mwenyewe akainunua kwa dola 35,000. Xmarks, iliyooanisha alamisho za vivinjari tofauti, ilifungwa Mei 2018. Google Bookmarks ilifuata Septemba 2021. Internet Explorer ilistaafishwa Juni 2022. Pocket, huduma ya kuhifadhi makala za kusomwa baadaye, iliyoanza 2007 na kununuliwa na Mozilla, watengenezaji wa Firefox, miaka kumi baadaye, ilifungwa Julai 2025.

Karibu kila mlango ulipofungwa, watumiaji waliambiwa jambo moja: toeni nakala zenu mapema. Na mara nyingi nakala hiyo ilikuwa faili lile lile la mtindo wa Netscape. Huduma zilizoahidi kututunzia kila kitu zimekwenda. Faili lisiloahidi chochote limebaki, kwa sababu halikumtegemea aliyelibuni ili lisomeke.

Faili hilo lina mipaka yake. Linatunza anwani, halitunzi ukurasa. Utafiti wa taasisi ya Pew ya Marekani uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mwaka 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Kwa ukurasa unaouthamini, hifadhi PDF yake, au uombe Wayback Machine ya Internet Archive, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, iuwekee kumbukumbu.

Wala usidhani kuoanisha simu na kompyuta kunatosha. Ukiifuta folda kwenye simu, itafutika na kwenye kompyuta. Kwa hiyo ingia kwenye kidhibiti cha alamisho, futa anwani zilizokufa, zipange zilizobaki, kisha toa nakala na uiweke kwenye flashi. Rudia hivyo kila baada ya miezi michache, kwani kampuni inayokutunzia alamisho leo inaweza kuamua kesho kwamba hazina faida kwake.