Safu ya Lugha: Kocha na meneja

Mechi za mchujo wa kubaki Ligi Kuu zikifika, vijiwe vya Maili Moja pale Kibaha na vya Kisarawe mjini huwaka moto. Mshambuliaji akitolewa dakika ya 60, utasikia: "Meneja katuua!" Jamani, meneja hana kosa hapo.

Mazoea haya tumeyapata kwenye matangazo ya soka ya Uingereza, ambako Alex Ferguson aliitwa meneja wa Manchester United tangu 1986 hadi 2013, kwa kuwa alifundisha, alipanga kikosi na kusimamia usajili. Hata besiboli ya Marekani humwita meneja yule anayeamua mrushaji atoke lini. Kwetu kazi hizo zimegawanywa. Meneja wa timu hushughulikia safari, kambi, vifaa na nidhamu. Anayepanga kikosi na kufanya mabadiliko ni kocha. Nasreddine Nabi, aliyeifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, alikuwa kocha.

Neno kocha tumelitoa kwenye Kiingereza, nalo asili yake ni Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa magari ya farasi. Wachezaji wetu humwita kocha "mwalimu", na mimi nalipenda zaidi neno hilo, maana lina heshima. Kumwita kocha "mkufunzi" ni kwa Wakenya; huku kwetu mkufunzi hufundisha vyuoni, au huwafunza makocha wenyewe.

Basi mabadiliko yakikuudhi, mlaumu kocha. Meneja mdai jezi na basi la timu.