Mwaka ambao nchi nzima ilichimba vyoo

Tarehe 21 Machi 2023, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, ulikuwa Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa virusi hivyo kuthibitishwa nchini. Watu 9 waliugua, 6 wakafariki, akiwamo mhudumu wa afya, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Mwaka huohuo, karibu miezi hiyohiyo, kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa ikitimiza miaka 50. Sikuona gazeti lililoziweka habari hizo mbili pamoja. Nafanya hivyo leo, baada ya Marburg kurudi mkoani Kagera, safari hii wilayani Biharamulo mwanzoni mwa 2025, na kuondoka na watu 10.

Wasomaji vijana huenda wamelisikia jina Mtu ni Afya bila kujua lilikotoka. Wenye umri wa miaka 60 na kuendelea wanalijua vizuri, kwa kuwa wengi wao walitumwa kubeba udongo uliokuwa ukitolewa shimoni.

Ninayoyasimulia hapa nimeyapata mahali pawili. Kwanza ni kitabu cha Budd Hall, aliyekuwa mtafiti katika Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima jijini Dar es Salaam, ambacho kilichapishwa mwaka 1978. Pili ni daftari la marehemu baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi katika mkoa ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi na leo ni Kagera. Hall anaitazama kampeni akiwa Dar es Salaam, baba anaitazama akiwa chini ya mwembe. Pale wanapotofautiana, nakiri kwamba namwamini baba.

Hali ya afya tuliyorithi inajulikana. Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba Tanganyika ilipata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12. Maradhi yakatajwa pamoja na ujinga na umaskini kuwa maadui watatu wa taifa. Mwaka 1964 jopo lililoongozwa na Mwingereza Richard Titmuss lilishauri nchi iegemee vituo vya afya vijijini badala ya kuzidisha hospitali kubwa. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha.

Ushauri wa Titmuss, hata hivyo, haukupita kirahisi. Mwaka 1971 zilifunguliwa hospitali mbili kubwa, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza, zote kwa juhudi za makanisa na wafadhili wao wa nje. Nani angekataa hospitali? Lakini jengo likishapewa bure, madaktari, dawa, umeme na dobi vinahitaji fedha kila mwaka. Oscar Gish, aliyekuwa akifanya kazi ya mipango katika Wizara ya Afya, aliandika kitabu mwaka 1975 akionyesha jinsi hospitali moja ya aina hiyo inavyoweza kumeza fedha ambazo zingeendesha vituo vingi vya afya. Waliotaka hospitali walijibu kwamba mgonjwa mahututi hatibiwi kwa kijitabu. Kila upande ulikuwa na hoja yake. Serikali ikaamua kwamba kuanzia mwaka 1972 uzito uwe vijijini, na mwaka uliofuata ikaingia vijijini kwa njia ya redio.

Mafunzo kwa redio hayakuwa mageni. Zilikuwa zimetangulia kampeni za Kupanga ni Kuchagua, Uchaguzi ni Wako na Wakati wa Furaha, hii ya mwisho ikiwa ya kuadhimisha miaka 10 ya uhuru. Mtu ni Afya, iliyofadhiliwa na Sweden kupitia shirika lake la misaada, ilizipita zote kwa ukubwa. Wakufunzi wa taifa waliwafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha wa ngazi za chini, mpaka wakapatikana viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Katika nchi iliyokuwa na watu wasiofika milioni 15, watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi hivyo kwa wiki 12 katikati ya mwaka 1973.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kikundi kinasikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kinasomewa sura ya kitabu, kinajadili, kisha kinaamua jambo la kufanya kabla ya kukutana tena. Masomo yalihusu malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Kila ugonjwa ulifundishwa pamoja na kazi ya mikono: kufyeka nyasi, kufukia madimbwi, kuchemsha maji, kuchimba choo.

Daftari la baba lina majina 17, ya wanaume 11 na wanawake 6. Mawe ya redio yaliwaishia wiki ya tatu, na duka la karibu halikuwa nayo. Tangu hapo baba alisoma kitabu kwa sauti, na anaandika kwamba mahudhurio hayakupungua. Wakulima wale walitembea jioni, baada ya kutwa kibanjani, kwenda kusomewa habari za minyoo. Nikifika ukurasa huo huwa nasimama kwanza.

Kisha likaja somo la choo, na hapo daftari linabadilika. Kurasa nne nzima zinahusu ubishi mmoja. Mzee mmoja, aliyeheshimiwa kijijini, alisema hatachimba choo. Hakuwa mbishi, wala hakudharau mafunzo. Nyumbani kwake alikuwa akiishi mke wa mwanawe, na kwa desturi baba mkwe hawezi kuingia mahali pa faragha anapoingia mkwe wake. Kupishana tu kwenye kijia cha kwenda huko ni aibu. Shimo moja kwa nyumba nzima, kama kitabu kilivyoelekeza, lingekuwa tusi.

Kikundi kilibishana jioni mbili. Vijana walitaka ofisa aje na faini, maana mahali pengine vitisho vya faini vilikuwa vimeanza kusikika. Balozi wa nyumba kumi alitaka suala lipelekwe kwenye chama. Wanawake, anaandika baba, walinyamaza jioni ya kwanza. Ya pili, mmoja wao aliuliza kwa nini watu wanaozungukwa na ardhi wanagombania shimo moja. Wakaamua mashimo mawili: la wazee upande wa juu wa migomba, la vijana upande wa chini, na vijana wayachimbe yote mawili. Mzee akatoa pombe ya ndizi kwa wachimbaji. Wiki iliyofuata, nyumba nne nyingine zenye tatizo lilelile, ambazo hazikuwa zimesema neno, zilianza kuchimba bila kuambiwa.

Hall anaeleza kwamba nchini kote vilichimbwa vyoo mamia kwa maelfu. Idadi hiyo inavutia, na ndiyo iliyowafanya wageni waje kujifunza. Mwaka 1975 mfano wa Tanzania uliingizwa katika kitabu cha Shirika la Afya Duniani kuhusu afya inayoletwa na wananchi wenyewe, katika sura iliyoandikwa na Wilbert Chagula na Eleuther Tarimo. Miaka mitatu baadaye ulimwengu ulikutana Alma-Ata na kuipa njia hiyo jina la huduma ya afya ya msingi. Mimi naona mavuno makubwa zaidi ya mwaka 1973 ni zile jioni mbili. Kijiji kilipata mahali pa kuzungumza jambo la aibu, mbele ya mtu kinayemwamini, kabla ugonjwa haujafika. Mlipuko ukishaingia, hakuna muda wa kujadiliana na mzee juu ya mkwe wake. Maiti ipo, inataka kuoshwa, na watu waliovaa mavazi meupe wasiojulikana wanasema isiguswe.

Kampeni ilipokwisha, serikali yenyewe iliikanyaga kazi yake. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri. Miaka mitatu iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa. Mkoa wetu wa migomba haukuguswa sana, kwa hiyo choo cha yule mzee kilibaki mahali pake. Lakini sehemu nyingi za nchi, familia iliyochimba choo mwezi Julai iliambiwa ihamie kwenye uwanja mtupu, ikaacha shimo jipya nyuma ya nyumba iliyobomolewa. Kampeni na Operesheni Vijiji husimuliwa kama visa viwili tofauti, ilhali kimoja kilikifuata kingine kabla udongo haujakauka.

Kipindupindu kilikuwa kimeonekana nchini mwaka 1974. Mwaka 1977 kilianzia Rufiji na kusambaa, na mwaka uliofuata kikawa balaa la taifa. Vyoo vya 1973 havikukizuia, na sitadai vinginevyo. Vita vya Kagera vikaja, uchumi ukaanguka, zahanati zikabaki na kuta na mganga asiye na dawa. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za umma. Mwaka 1997 kipindupindu kiliwashika watu 40,249 na kuua 2,231. Nikiitazama idadi hiyo namkumbuka Titmuss, maana mgonjwa wa kipindupindu huokolewa na maji yenye chumvi na sukari yakipatikana mapema, karibu na nyumbani.

Miaka ya karibuni imeleta mengi mazuri, nami nayashukuru. Mwaka 2016 Tanzania ilikubali wataalamu wa nje waupime utayari wake wa kukabili milipuko, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa duniani. Maabara yetu ya taifa inathibitisha Marburg bila kusubiri majibu kutoka ng'ambo. Mlipuko wa Bukoba ulizimwa kwa vifo 6, na hiyo ni kazi ya kujivunia. Lakini Aprili 2020 tuliacha kutangaza takwimu za Uviko-19 zikiwa zimefika wagonjwa 509, na wananchi wakaachwa wakisikiliza minong'ono. Taifa lililowahi kuwakalisha watu milioni 2 mbele ya redio likakosa la kuwaambia.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Idadi hiyo inakaribia mara mbili ya viongozi wa vikundi wa 1973, na hawa wa sasa wanaandaliwa kulipwa. Nimezungumza na binti mmoja aliyemaliza mafunzo hayo mkoani kwetu. Anajua dalili za hatari kwa mtoto na kwa mjamzito, na ana fomu za kujaza. Nilimuuliza kijiji chake kinakutana wapi kuzungumza habari za afya. Alifikiri kidogo, akasema watu hukutana kwenye misiba.

Nilimpa nakala ya zile kurasa nne za baba. Amenipigia tangu hapo mara mbili, akiuliza jinsi baba alivyowapata wale wanawake 6 wa kwanza, maana kwenye kikao chake cha mwanzo walikuja wanaume watupu. Daftari halisemi, kwa hiyo nimemwelekeza kwa shangazi yangu, ambaye jina lake ni la 14 kwenye orodha.